Kamshafti ya Kombaini

Mume wangu hakuuawa na lori. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu hapa Karatu wanaosimulia kwamba lori lilimla. Alikufa kwa mapafu, juu ya kitanda cha hospitali, mimi nimemshika miguu isipate baridi. Lori lilikuwa nyumbani limeegeshwa, halina habari.

Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa nikachunge. Kwa hiyo sikuzoea kuandika vitu ili nivikumbuke, nilizoea kuvikumbuka tu. Wote nitakaowasema hapa nayajua majina yao na ya baba zao, na wengine hata ya ng'ombe zao. Siyaandiki. Wajukuu zao wanasoma shule moja na wajukuu zangu.

Lori lilikuwa la tani saba, la dizeli. Mume wangu alilinunua likiwa bovu akalifufua kwa miaka miwili. Lilibeba vitunguu kutoka Baray kuja Karatu, na mahindi kutoka Karatu kwenda Endulen. Kule Endulen ni ndani ya hifadhi, wenyeji ni wafugaji na kulima walishakatazwa, basi kila debe la unga wanalokula lazima lipande mlima. Barabara inaacha mashamba yetu, inapita geti, inaingia msituni, kona juu ya kona mpaka ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano. Udongo mwekundu, na ukungu ukishuka unateleza kama mlenda. Lori letu likiwa na mzigo kamili halikuweza. Tulishusha nusu ya magunia chini ya mlima, tukapandisha nusu, tukaishusha juu, tukarudi kuchukua iliyobaki. Mume wangu na gari, mimi nalinda mahindi, na nyati wa msitu ule hawana adabu. Siku nzima ilikwisha kwenye mlima mmoja.

Ndiyo maana mwaka wa mwisho wa uhai wake alifunga tabo. Tabo ni kama konokono la chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha, nayo inapuliza hewa kurudisha ndani ya injini, na hewa ikiwa nyingi dizeli inaungua vizuri na nguvu zinaongezeka. Aliitoa kwenye kombaini ya kuvunia ngano iliyokufa katika shamba la zamani la mzungu, kwenye mteremko wa Oldeani. Injini ya kombaini na ya lori letu zilitoka kiwanda kimoja, ndugu wa tumbo moja, ila ile ilizaliwa na tabo na yetu ilizaliwa bila. Akaifunga, akafurahi siku moja. Siku ya pili lori lilitoa moshi mweusi kama tanuru la mkaa, likachemka, likapanda vibaya kuliko mwanzo. Siku ya kumi na kitu akaanza kukohoa damu.

Baada ya matanga ukoo ukakaa. Kaka mkubwa wa marehemu, shemeji yangu, alizungumza akiwa amesimama, na kwetu mtu akisimama kikaoni ujue ameshaamua. Alisema lori liuzwe, mnunuzi yuko Mto wa Mbu, na kitakachopatikana kitakaa kwake kwa ajili ya watoto. Akasema mwanamke hafugi lori.

Nilisema na mimi, nikiwa nimekaa, kwamba halina ugonjwa usiotibika. Wanaume wakacheka. Mzee mmoja mwenye jicho moja, aliyekuwa hacheki hovyo, akauliza kitu gani kitawaonyesha kwamba limepona. Nikajibu: lipande na mzigo kamili mpaka ukingoni, bila kushusha gunia hata moja. Wakakubaliana hivyo. Mpaka mnada wa mwezi unaofuata. Likishindwa, linauzwa na mimi sisemi tena.

Nilikuwa na watoto wanne na ekari moja ya mahindi. Lori likienda kwa shemeji, na sisi tungemfuata tukaombe unga mlangoni kwake. Sikuwa tayari. Bora ningekula majani.

Fundi wangu alikuwa Mrangi mmoja wa mjini, mtu wa swala tano, aliyejifunzia kazi kwenye gereji ya walowezi. Alilizunguka lori, akaweka kiganja kwenye ekzosi, akasema, kwa heshima tu, kwamba tuitoe tabo, nirudi kwenye nusu mzigo kama zamani. Nikamuuliza, kule kwenye kombaini tabo hii ilikuwa inafanya kazi? Akasema ndiyo, aliiona kwa macho yake, ilikuwa inakata ngano kama nywele.

"Basi kule kuna mtu walielewana naye," nikasema, "na huyo mtu mume wangu hakumleta."

 Fundi akachukua kipande cha mkaa akachora kwenye ubao wa gari. Akanieleza kwamba kila silinda ina milango miwili, mmoja wa kuingiza hewa, mmoja wa kutolea moshi. Mfungua milango ni kamshafti, chuma kirefu chenye nundu kumi na mbili, kinazunguka ndani ya injini na kila nundu inasukuma mlango wake kwa zamu. Kwenye injini isiyo na tabo, nundu zimechongwa ziache milango yote miwili wazi pamoja kidogo, ili moshi unaotoka uvute hewa inayoingia. Ukileta tabo, hewa inayopulizwa inapita mlango wa mbele inatokea wa nyuma, silinda inabaki na njaa.

Nikamwambia hilo halinipi shida kuelewa. Ukipuliza moto jikoni na mlango wa nyuma uko wazi, unapulizia majirani.

Kamshafti mpya haikuwepo. Miaka ile hata sabuni haikuwepo. Arusha walituambia labda Nairobi, na mpaka ulikuwa umefungwa. Ilibaki kamshafti ya kombaini yenyewe, bado imelala ndani ya injini yake, kuku wakitaga juu yake.

Shamba lile sasa lilikuwa la serikali, na meneja wake hakutaka kuuza chuma cha serikali. Lakini alikuwa na maharage yaliyomezwa na magugu na vibarua wamemkimbia. Akasema kama ningemsafishia shamba lile, yeye hataona nani ameingia bandani. Sasa sisi wanawake wa mtaa wetu tulikuwa na kilimo cha zamu, leo kwako kesho kwangu, kumi na wawili, na mwenye shamba anapika pombe au, kama ni mlokole, uji. Nikawaomba zamu zangu zote za mwaka ule kwa mkupuo. Hakuna aliyekataa. Mmoja alisema tu, "Tukikupalilia maharage ya meneja, mwaka huu mahindi yako atapalilia nani?" Nikamwambia mahindi yangu yatajipalilia. Na kweli mwaka ule nilivuna magugu.

Tulipalilia siku tatu. Siku ya nne mimi na fundi tukaingia bandani na spana.

Hapa ndipo fundi aliponifundisha kitu ambacho sijasahau. Kati ya nundu na mlango kuna kidude kinaitwa tapeti, kama kikombe kidogo cha chuma, kina kitako kinachokaa juu ya nundu. Nundu na tapeti vikishasuguana miaka mingi vinazoeana kama mume na mke. Ukichukua kamshafti kuukuu lazima uchukue na tapeti zake, na kila tapeti irudi juu ya nundu yake ileile. Ukizichanganya zinalana, na kabla hujafika mbali injini nzima imejaa unga wa chuma. Akasema angeziwekea namba kwa rangi, ila rangi hana.

Nikamwambia anipe mimi.

Tulipokuwa tunapalilia tulikuwa na mstari wetu, na hakuna aliyebadilisha nafasi. Wa kwanza, upande wa korongo, siku zote alikuwa mwenye pengo. Wa pili mke wa mwalimu. Wa tatu yule anayeimba, wa nne anayesema aache kuimba. Wa sita na wa saba walikuwa wake wenza waliopendana kuliko alivyowapenda mume wao. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi. Basi kila tapeti fundi aliyoitoa niliigeuza, nikaangalia kitako chake, nikaipa jina la mwanamke wa nafasi ile. Ya kwanza ilikuwa na alama iliyokatika ukingoni, ikamfaa mwenye pengo. Ya tatu ilikuwa na duara linalong'aa kama mdomo uliofunguliwa. Fundi alinitazama akidhani nafanya mzaha. Mtu aliyechunga haoni ajabu: ng'ombe mia unawajua kwa pembe na mabaka, kumi na mbili ni nini?

Nyumbani nilizipanga juu ya gunia uani, kwa mstari wetu, kila moja na tope lake la oili, nikaenda na fundi kuazima mnyororo wa kunyanyulia.

Mama mkwe akaja. Alikuwa mwanamke mwema, niseme hivyo kwanza. Kwetu mama mtu mzima akifika kwa mkwewe hakai kusubiri chakula kama mgeni wa mjini, hushika kazi yoyote anayoiona, ili atakachokula awe amekifanyia kazi. Akatazama uani akaona nini? Vikombe kumi na viwili vichafu vimelala chini. Tuliporudi alikuwa ameshavisugua kwa majivu na maji ya moto, oili yote imekwenda, vimefunikwa juu ya kichanja cha vyombo, vinang'aa, vikubwa kwa vikubwa kama alivyoona yeye, ingawa vyote vilikuwa sawa.

"Mwanangu," akaniambia, "vikombe vyenu vya kahawa vilikuwa na masizi, nimewaoshea."

Fundi aligeuka akaangalia ukuta. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru, kwa sababu ndivyo inavyopaswa, nikampikia, akala. Nilimsindikiza mpaka njia panda. Ndipo nikarudi.

Habari inatembea. Kabla ya jioni shemeji alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni mikono nyuma. Akasema sasa imetosha, chuma kimeoshwa na bibi kama sufuria, atatuma ujumbe Mto wa Mbu. Nikamwambia mnada haujafika. Akasema, "Shemeji, unashindana na nini?" Jibu lilikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi nilitandika kanga nyeupe mlangoni penye mwanga, nikamwaga tapeti zote. Nikaziangalia vitako. Mwenye pengo alijitokeza hapohapo. Muimbaji. Mke wa mwalimu, mwenye mstari mwembamba kama kovu la wembe. Majivu yalikuwa yameondoa oili, lakini hayaondoi alama ya miaka. Nilipozipata nane nikaanza kuziita kwa sauti, na kila iliyojitokeza niliipeleka kwenye nundu yake, nikapapasa kwa ukucha kama mchubuko wa huku umekutana na mchubuko wa kule. Ya kumi na mbili, ya kwangu, ilikuwa imelika upande mmoja. Sikuhitaji kuitafuta.

Zikabaki mbili, wake wenza. Zilifanana kama wao walivyofanana wakicheka. Niliziangalia mpaka macho yakatoka machozi. Nilipapasa nundu ya sita na ya saba mara sijui ngapi. Mwishowe nikasema hii ni bi mkubwa, hii ni bi mdogo.

"Una hakika, mama?" fundi akauliza.

"Kumi nina hakika nazo."

"Na hizo mbili?"

"Hizo mbili nimeamua."

Akasema tukikosea zitakula chuma chote kabla hatujalifikia geti, na hatutakuwa na lori bovu tena, tutakuwa na lori lililokufa, hata Mto wa Mbu hawatalitaka. Nikamwambia nisipojaribu, kwangu limekufa vilevile. Funga.

Akafunga. Siku nne. Gasketi ya mbele aliikata kwa karatasi ya mfuko wa saruji akaipaka gundi. Alama za gia zinazozungusha kamshafti alizikagua mara tatu akisoma kitu kwa midomo, nadhani aya. Kwa kazi hiyo alichukua mbuzi jike mwenye mimba, na sikumwonea choyo.

Lilipowaka, moshi ulikuwa mweupe, kisha wa kijivu, kisha haukuonekana. Lile konokono likaanza kulia mluzi ambao hatukuwahi kuusikia. Fundi akatabasamu, akafunika mdomo kwa mkono kama msichana.

Tulipakia mahindi ya duka la kijiji la Endulen, kwa kibali, magunia sabini kamili. Shemeji alikuja kushuhudia kwa niaba ya ukoo, na koti lake la kikao. Alitaka kukaa mlangoni. Nikashika mlango nikamwambia atangulie kupanda. Akakaa katikati, gia ikimgonga magoti, fundi kwenye usukani, mimi nikakaa dirishani.

Getini tulipita salama. Mlima ukaanza. Fundi aliingiza gia ya tatu, na nilijua, kwa kuwa nilipita pale nikiwa nalinda mahindi miaka sita, kwamba kwenye kona ya kwanza atashusha mpaka ya kwanza na injini itaanza kulalamika. Alishusha mpaka ya pili, ikakaa hapo. Ule mluzi ukapanda. Lori likaegemea mlima likaanza kuukwea taratibu, zito, kama ng'ombe dume mwenye plau. Tulifika mahali petu pa kushushia magunia, nyasi bado zimelala tulipokuwa tunayarundika. Fundi akanitazama. Sikumtazama yeye, nilitazama mbele. Tukapapita.

Hapo juu kidogo ndipo tulipousikia mlio wa kugonga. Tak, tak, tak. Mwembamba, wa chuma, unakwenda na mwendo wa injini. Nilihesabu moyoni nikawaona wake wenza wangu, bi mkubwa amekaa kwenye kiti cha bi mdogo. Shemeji naye alisikia. Akasema taratibu, kama mtu anayetoa pole, "Simamisha, fundi. Mmejitahidi."

Fundi akainua mguu kidogo. Lori likapungua.

"Usisimamishe," nikasema.

"Mama, kama ni tapeti—"

"Ukisimama kwenye tope hili na magunia sabini hutaondoka. Ikitaka kufa ifie juu. Kanyaga."

Shemeji akasema nimeshaua mali ya ndugu yake. Nikamwambia ndugu yake alikuwa mume wangu, na nilimjua zaidi, na kama angekuwepo angekanyaga. Fundi akakanyaga. Tak, tak, tak mpaka kona ya mwisho, mkono wangu umeshika dirisha mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha miti ikaachana, ukungu ukafunguka, na barabara ikalala. Tulikuwa ukingoni. Hakuna gunia lililoshuka.

Fundi alifungua boneti, akafungua kifuniko cha juu, akaingiza kidole kwenye mafuta ya moto akikunja uso. Nati moja ya kurekebishia valvu, ile milango ya silinda, ilikuwa imelegea. Aliikaza. Ilikuwa ya nafasi ya saba. Kama ililegea yenyewe, au kama nilikosea kati ya wale wawili na chuma kikawa kinajitafutia nafasi, mimi sijui mpaka leo, na fundi hakuniambia, na sikumuuliza. Oili haikuwa na unga wa chuma. Lilitembea na nati ileile, tapeti zilezile, miaka tisa.

Tulifika Endulen jua bado liko juu. Wamama walikuwa wameshajipanga kivulini na mifuko yao. Mzee mmoja wa Kimasai, aliyewekwa na duka la kijiji asimamie upakuaji, alikuja moja kwa moja mpaka kwa shemeji, kwa sababu ndiye aliyekuwa na koti. Akampa mkono. Akamwambia kwa Kiswahili chake kizuri kwamba zamani mahindi yalikuwa yanafika siku ya pili yamelowa, leo yamefika siku moja na makavu, basi hongera kwa gari lako.

Nilikuwa nafungua turubai. Sikugeuka, lakini mikono yangu ilisimama.

Shemeji alikohoa. Alitazama chini, akatazama gari, akatazama wamama. Angeweza kuitikia tu. Nani angejua? Lakini mzee yule alikuwa bado amemshika mkono anangoja.

"Si langu," shemeji akasema. "Ni la huyu. Shemeji yangu."

Mzee akamwachia mkono, akaja upande wangu, akanisalimia upya tangu mwanzo. Nikaitikia. Kisha nikamwambia shemeji avue koti alitundike mlangoni, magunia ni sabini na wapakuaji tuko watatu.

Akalivua. Akabeba.